Jina Alilopewa Paka

Jumapili ile Sindano alilipiga pasi gauni lake mara tatu, na mara ya tatu lilikuwa halina hata kunyanzi moja la kulalamikiwa.

Sindano halikuwa jina lake la cheti. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya wanyama, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno: mbwa mkali alikuwa bado anageuza shingo kumtafuta mbaya wake, kumbe dawa imeshaingia na pamba imeshawekwa. Daktari, mzee mwenye zahanati, ndiye aliyeanza kumwita hivyo, na jina likamganda kama kupe. Hata yule aliyempenda alimwita hivyohivyo.

Naye aliyempenda, Sindano alimwita Msanifu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusanifu majengo. Walikutana alipoletwa kupima ukuta wa zahanati iliyotakiwa kuongezwa chumba. Ukuta mmoja, Msanifu aliupima siku tano. Siku ya sita Daktari alimshika bega akamwambia, "Kijana, huo ukuta sijaona kama una macho mazuri kiasi hicho." Sindano alikimbilia stoo akajifungia kwa aibu. Jioni ya siku hiyo walikunywa chai pamoja, na tangu hapo ikawa miaka miwili na miezi minne.

Katika muda wote huo hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa mama yake Msanifu. Kila alipouliza, jibu lilikuwa moja: "Mama hana haraka, mpenzi. Na mimi sitaki kumsukuma." Sindano akawa anasubiri. Kusubiri alikujua tangu utotoni.

Basi Alhamisi Msanifu alipopiga simu, moyo ulimruka.

"Mama anakualika Jumapili alasiri," alisema. "Yule paka wake wa hati ya nasaba amefika. Anataka tukae tumchagulie jina."

"Mimi pia?"

"Wewe hasa. Amekutaja mwenyewe."

Alipompa Daktari habari hiyo, mzee alivua miwani akaifuta taratibu. "Jina hutolewa na wenye mtoto," alisema. "Mtu akikuita kwenye jina, hata kama ni la paka, amekufungulia mlango wa ndani."

Maneno hayo Sindano aliyabeba siku tatu kama mtu aliyebeba mayai.

*

Mama yake Msanifu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mwanamke mrefu aliyekaa wima hata kwenye kochi laini. Sebule yake ilinukia nta ya mbao. Ukutani zilipangwa picha za ukoo kwa mstari ulionyooka: babu mwenye tai, babu wa babu mwenye tai, bibi mwenye mkufu, na marehemu mume wake katikati, mkubwa kuliko wote. Juu ya mto wa hariri alikaa paka mwenyewe, jike la miezi mitatu, manyoya marefu ya rangi isiyokuwa nyekundu wala nyeupe, kama anga kabla jua halijatokeza.

"Karibu, muuguzi," Mama alisema. "Kaa hapo, karibu naye. Naambiwa wanyama wanakupenda."

"Asante, Mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Kwenye kiti cha pembeni alikuwepo Shangazi, dada wa marehemu, mwanamke mnene wa moyo mweupe ambaye mdomo wake ulitangulia akili kwa hatua mbili. Alimkumbatia Sindano hadi gauni lile la pasi tatu likapoteza kazi yote. "Kumbe ni mzuri hivi!" alimgeukia Msanifu. "Na wewe ulimficha wapi, mtoto mwenye choyo?"

Msanifu alicheka, akainua macho, yakakutana na ya Sindano juu ya birika la chai. Kwa tazamo lile tu Sindano alisahau miaka ya kusubiri. Alijiambia, haya, nimefika.

Fomu ilikuwa mezani. Chama cha wafuga paka wenye nasaba kilikuwa na masharti yake, na Mama aliyasoma kama anayesimamia mtihani. Paka wote waliozaliwa mwaka ule lazima jina lianze na herufi M. Lisizidi herufi kumi na mbili. Lisiwe limeshasajiliwa kwa paka mwingine. Na likishaandikwa chamani, ndilo litakaloandikwa kwenye hati za watoto wake na wajukuu wake.

"Kwa hiyo hatutaji ovyo," Mama alimaliza. "Haya."

"Mfalme!" Shangazi aliwahi.

"Ni jike, wifi."

"Basi Malkia."

"Kila paka mwenye nywele ndefu ni Malkia. Nimesahihisha insha miaka thelathini na moja, neno lililochoka nalijua likiwa bado mlangoni."

"Mnara," Msanifu alisema.

"Wewe usituletee kazi za ofisini."

Sindano alikohoa kidogo. "Labda Mwangaza?"

"Mwangaza ni jina la tochi, binti." Lakini Mama alisema hivyo huku akitabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli.

"Marashi?"

"Duka la vipodozi."

"Mahaba!" Shangazi alipiga paja.

"Paka jike ukimwita Mahaba, usije ukashangaa majirani wakija na madume yao."

Walicheka wote. Sindano alicheka mpaka machozi, na paka, aliyechoshwa na kelele, alishuka kwenye mto wake akapanda mapajani kwake, akajizungusha mara mbili, akalala. Mama aliliona hilo. Akamsogezea Sindano sahani ya biskuti kwa mkono wake mwenyewe.

Laiti alasiri ile ingeishia hapo.

Mama alivaa miwani, akatoa kwenye bahasha karatasi nene yenye mhuri. "Pengine tukiwasoma waliomtangulia tutapata wazo. Hii ndiyo hati yake ya nasaba." Akaanza. Baba wa paka, mshindi wa maonyesho mara mbili. Babu upande wa baba. Bibi upande wa mama. Mababu wa mababu. "Vizazi vitano," alisema, na sauti ilikuwa na fahari. "Sitini na wawili kwa jumla, nimewahesabu. Hakuna hata mmoja ambaye hajulikani alikotoka."

"Makubwa haya!" Shangazi alisema. "Mimi mwenyewe siwezi kufika kizazi cha nne." Kisha, kwa wema wake wote, bila kuangalia anapokanyaga, akamgeukia Sindano. "Na wewe mwanangu, kwenu ni kwa nani? Babu yako ni nani, pengine tunamjua?"

Sindano aliweka kikombe chini taratibu kisilie.

"Simjui, Shangazi. Mimi nililelewa na mama mmoja aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Alinikuta mlangoni pa chumba cha kufulia."

"Maskini! Na wazazi?"

"Hawakuacha jina."

Mama alikuwa akiikunja hati ya paka, pembe kwa pembe, kwa uangalifu mkubwa.

"Binti, usinielewe vibaya," alisema. "Mtoto hana kosa. Tena mtu aliyekulea alikulea vizuri, naona. Lakini mimi ni mwalimu, sijui kuzungusha maneno. Aliyenipa huyu paka amenionya nisimwache akakutana na paka wa nje. Hakusema paka wa nje ni wabaya. Wapo wazuri sana, wapole, wasafi. Alisema tu, hujui ndani yao mna nini. Ukishachanganya, huchambui tena."

Sindano alihisi masikio yakiwaka. Hakumwangalia Mama. Alimwangalia Msanifu.

Sekunde zile zilikuwa ndefu. Alimpa nafasi yote. Aliyaona macho yake yakitoka kwenye sahani yakaenda kwenye fomu, yakatoka kwenye fomu yakaenda kwa paka, yakapita juu ya uso wake yeye kama mtu anayepita nyumba ya mdai. Kisha Msanifu akavuta pumzi, akasema kwa uchangamfu wa mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo:

"Mawio."

"Nini?" Mama aliuliza.

"Jina. Mawio. Linaanza na M. Tena angalia rangi yake."

*

Hapa lazima lisemwe jina hilo lilikuwa la nani.

Mama aliyemlea Sindano hakujua kusoma saa wala kalenda. Sindano alipokuwa mdogo akamuuliza alizaliwa lini, mama yule aliacha kufua akafikiri sana, akasema, "Tarehe sijui, mwanangu. Ninachojua, nilipokufunua kwenye kanga ilikuwa mawio." Basi. Watu wengine wana vyeti, wana makaburi ya babu zao, wana picha ukutani. Sindano alikuwa na neno hilo moja.

Alimwambia Msanifu siku ya mvua, ndani ya gari lililoegeshwa nje ya zahanati, vioo vikiwa na ukungu. Msanifu alichukua kalamu, akachora kwenye daftari lake ramani ya nyumba: sebule, jiko, chumba chao, na pembeni, upande wa mashariki, chumba kidogo chenye dirisha kubwa. Juu yake akaandika, *Chumba cha Mawio*. "Binti yetu wa kwanza," alisema. "Jua litamwamsha yeye kabla ya wote."

Tangu siku hiyo walimzungumza mtoto yule kama aliyepo. Mawio hatapenda maharage. Mawio atakuwa na kiburi cha mama yake. Wakigombana, Msanifu alikuwa akisema, "Twende taratibu, Mawio anasikia," na ugomvi ukaisha kwa kicheko.

*

"Mawio," Mama alirudia, akilionja jina. "Mawio. Si tochi, si duka. Wifi, unaonaje?"

"Zuri mno!"

"Umelitoa wapi, mwanangu?"

Msanifu alikuna shingo. "Limenijia tu."

Sindano alimwinua paka mapajani, akamweka kwenye mto wake. "Samahani, Mama. Naomba nitoke kidogo nipate hewa."

Alipita jikoni akatokea baraza ya nyuma, penye kamba za nguo na ndoo iliyoinamishwa. Hakuwa ameshika hata nguzo Msanifu alipotoka akaurudisha mlango nyuma yake.

"Sindano..."

"Limekujia tu?"

"Punguza sauti."

"Sijaipandisha."

"Hali ilishakuwa mbaya mle ndani. Nilitaka kuikoa. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja."

"Kitu cha kwanza kilichokuja ni mwanangu."

"Hatuna mtoto, Sindano." Alisema kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa. "Ni neno tu. Tutatafuta jingine, majina hayajaisha duniani."

"La kumpa nani?"

"La kumpa..."

Sindano alimtazama. Alikuwa muuguzi, alijua kumsoma kiumbe asiyeweza kusema anakoumwa. Aliona jasho juu ya mdomo. Aliona mkono ukifungua na kufunga kifungo cha shati.

"Niangalie," alimwambia.

Hakumwangalia.

"Lini uliamua?"

"Kuamua nini?"

"Mtu haondoi godoro kwenye chumba anachotaka kulala. Umelitoa jina la binti yetu kwa sababu unajua hatakuja kulidai. Nakuuliza, lini?"

Msanifu aliegemea ukuta. "Mama ana presha. Kila tukilizungumza..."

"Sikukuuliza presha. Nimekuuliza siku."

"Mwezi uliopita," alisema. "Nilimwambia nitaachana na wewe. Kuna binti wa mwalimu mwenzake. Sijamchumbia. Sijasema ndiyo. Lakini sijasema hapana pia."

Kamba za nguo zilikuwa tupu, zikitikisika kidogo. Kwa jirani mtu alikuwa akipiga msumari, anaacha, anapiga tena.

"Na leo mliniitia nini?" Sindano aliuliza.

"Fomu ina sehemu ya afya. Inajazwa na mhudumu wa wanyama. Daktari wenu asingepata nafasi mpaka katikati ya wiki na Mama anataka iende kesho." Alijipangusa uso. "Na mimi nilifikiri, mkionana, akikusikia unavyocheka, pengine atakupenda. Halafu mimi nisilazimike."

"Usilazimike nini?"

"Kuchagua."

Sindano alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Ungeniambia barabarani, ningelia nikafika kwangu nikalala. Ukangoja mpaka nipige gauni pasi. Ukangoja mpaka mama yako anihesabie mababu wa paka."

"Nakupenda, Sindano. Haki ya Mungu nakupenda."

"Najua." Na kweli alijua, hilo ndilo lililouma zaidi. Angekuwa mwongo ingekuwa nafuu. Mwongo unamtukana ukaondoka. "Unanipenda kama mtu anayependa mvua akiwa dirishani."

Msanifu alinyoosha mkono kumgusa shavu. Sindano hakurudi nyuma, na kwa sekunde moja uso wake wenyewe ulimsaliti ukaegemea kiganja kile, kwa mazoea ya miaka miwili. Kisha sauti ya Mama ikaita kutoka sebuleni.

"Muuguzi! Njoo utumalizie hapa."

Aliingia. Angeweza kuzunguka nyumba kwa nje akaenda zake, na baadaye watu wengi walimuuliza kwa nini hakufanya hivyo. Alikuwa ameitwa kwenye kazi, na kazi hakuwahi kuiacha nusu.

Alimpima paka uzito. Alimfungua mdomo akatazama meno. Alitazama macho, masikio, akapapasa tumbo, akaandika yote kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Paka alimlamba kidole gumba.

"Una mwandiko mzuri," Mama alisema akichungulia. "Huyu wangu anaandika kama anachora choo. Jaza na jina, binti."

Kalamu ilisimama juu ya mstari.

"Mama," Sindano alisema, "jina hili lina mwenyewe."

Mama alivua miwani. "Mwenyewe? Limeshasajiliwa?"

"Nadhani mwanao analijua zaidi yangu."

Wote walimgeukia Msanifu aliyekuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa nafasi ya pili, na Sindano alimpa kwa moyo wake wote; alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake anayezama, akiwa ameshika kamba, akingoja tu anyooshe mkono. Uso wa Msanifu ulikuwa wa majivu. Alimwangalia mama yake. Aliangalia picha kubwa ya baba yake.

"Halina mwenyewe," alisema. "Andika tu."

Sindano aliandika. Herufi tano, kila moja ndani ya kisanduku chake. Akatia saini pale palipoandikwa mhudumu, akafunika kalamu, akasimama.

"Asante kwa chai, Mama."

"Asante wewe. Umetuokoa." Mama alisita, kama mtu aliyehisi kitu kimeanguka ndani ya nyumba asijue ni chumba gani. "Naona huna kinyongo na niliyoyasema."

"Ulisema mwenyewe kwa mdomo wako, Mama. Hilo nakushukuru."

Ni Shangazi peke yake aliyemsindikiza hadi getini, akihema, amemfungia biskuti kwenye kitambaa. Hapo alimshika mkono asimwachie.

"Mwanangu, mimi mdomo wangu hauna breki, lakini macho ninayo. Lile jina lilikuwa lako?"

"La binti yangu, Shangazi."

"Una binti?"

"Sina."

Shangazi alimtazama, macho yakajaa. Akamsukumia biskuti kiganjani, ndipo akamwachia mkono.

*

Wiki saba zilipita. Kulia Sindano alilia wiki ya kwanza yote, akiwa anaoga ili mpangaji mwenzake asisikie. Wiki ya pili Msanifu alipiga simu mara kumi na nne, hakupokea hata moja. Wiki ya tatu simu zilikoma, na hapo ndipo alipojikuta anaitazama simu. Hakumwambia mtu hilo.

Asubuhi moja, akiwa anafunga bandeji mguu wa mbuzi, alimsikia Daktari mapokezini akisema kwa sauti kavu, "Chanjo ya pili? Nitakuchoma mimi mwenyewe. Namaanisha paka."

"Niachie, Daktari," Sindano alisema. "Ni zamu yangu."

Msanifu aliingia chumba cha matibabu na kikapu. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa jipya na lilimpwaya shingoni. Aliweka kikapu juu ya meza ya chuma, akakifungua, na paka akatoka kwa madaha, amenenepa, mkia kama brashi.

"Habari yako," Msanifu alisema.

"Nzuri. Anakula vizuri?"

"Anakula. Sindano, nisikilize kabla hujanifukuza. Nimemwambia Mama. Yote. Jina lilikuwa la nani, na kwamba nilidanganya mbele yako. Alikaa siku mbili hazungumzi na mimi. Kisha akasema kama angejua asingelikubali, na mimi namwamini. Na yule binti wa mwalimu nimeshamwambia hapana." Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza. "Hii ni barua ya kwenda chamani. Naomba walibadilishe. Nimelifuta, unaona? Ataitwa Malkia. Nimekurudishia."

Sindano aliisoma barua. Mahali pa jina la zamani palikatwa mstari mmoja kwa rula.

Moyo wake haukuwa jiwe. Uliruka kama ulivyoruka ile Alhamisi, mjinga uleule. Kwa kitambo aliiona sebule, jiko, na kile chumba cha upande wa mashariki. Angeweza kusema neno moja tu na vyote vingerudi, na kila mtu angesema mapenzi yameshinda.

Badala ya kumjibu, alimwinamia paka aliyekuwa amegeukia dirishani, akaita kwa sauti ya chini:

"Mawio."

Sikio moja lilizunguka. Kisha kichwa. Paka alikuja moja kwa moja juu ya chuma baridi, akasugua shavu kwenye kifundo cha mkono wake.

"Umeona?" Sindano alisema. "Ameitika."

"Ni mnyama tu. Atazoea jingine."

"Atazoea. Wanyama wanazoea kila kitu, ndiyo maana napenda kazi hii." Akavuta dawa kwenye bomba, akaliinua kwenye mwanga, akagonga kwa ukucha hewa itoke. "Mshike mabega."

"Sindano, tafadhali. Mama amekubali. Yupo tayari kuja kwako yeye mwenyewe akuombe radhi. Tatizo liko wapi sasa?"

"Nilikupa nafasi mara mbili siku ile. Mara ya kwanza uliogopa, na kuogopa nakusamehe, hata mimi niliogopa. Mara ya pili nilikuuliza mbele ya watu kama mtoto wangu yupo, ukasema hayupo." Sauti yake haikupanda. "Leo umekuja kwa sababu Mama amekubali. Akikataa tena kesho, kwa ajili ya jambo jingine, mimi nitakuwa wapi? Mshike, nimesema."

Alimshika. Sindano akachoma, paka hakushtuka hata kidogo. Aliyefumba macho alikuwa Msanifu.

"Usimbadilishie jina," alisema akiweka pamba. "Ameshalijua. Hana kosa."

Aliandika kwenye kadi: tarehe, chanjo, uzito. Kwenye mstari wa jina aliandika lile lile, kwa mwandiko uleule, akampa. Msanifu aliipokea. Alisimama akimtazama kwa macho yale yaliyowahi kupima ukuta siku tano.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Mrudishe baada ya mwaka."

Msanifu alimrudisha paka kikapuni. Mikono haikuwa na ustadi, kifuniko kikambana mkia kidogo, na paka akalia kilio chembamba cha kudeka. Hapo Msanifu aliinamia kikapu, bila kufikiri, akasema kwa upole wote aliokuwa nao:

"Basi, basi. Nyamaza Mawio. Baba yuko hapa."

Alijisikia mwenyewe akiyasema. Aliganda, mgongo umeinama, asithubutu kugeuka.

Sindano alikuwa ameshafungua mlango. Sauti ile aliijua. Kwa miaka miwili alikuwa akilala akiiwazia itakavyokuwa usiku mtoto akiamka. Ilikuwa nzuri kama alivyodhani.

Msanifu alipita mbele yake na kikapu, kichwa chini, akatoka kupitia mapokezi mpaka barabarani. Daktari alichungulia kutoka chumba cha pili, akamtazama Sindano.

"Nani anafuata?" aliuliza tu.

"Mbuzi," Sindano alisema. "Sikumaliza mguu wake." Akanawa mikono, akaisugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akarudi kwa mbuzi.